Nia za Jumapili

Waombeeni mastaa, sijakataa. Mwaka 2012 mwanamuziki Ray C alipokuwa akipambana na dawa za kulevya, wengi walimwombea, na Rais Kikwete akamsaidia apate matibabu. Jambo jema: mgonjwa ni mgonjwa, hata akiwa na jina kubwa.

Ila huku kwetu Nyasa tuna mambo. Msanii wa Dar es Salaam akiachwa na mchumba, kesho yake Mbamba Bay hadi Liuli wanajua, na kanisani anatajwa kwa jina, la kisanii na la ubatizo. Mvuvi wa dagaa aliyetoka na mtumbwi usiku, upepo wa mwera ukavuma, asirudi, anaangukia fungu la mwisho: “na wote wenye shida mbalimbali.” Mkulima wa Mbinga aliyekopwa kahawa yake naye yumo humohumo, amebanana na wajane.

Mungu anawajua wote. Wanaohitaji kutajiwa majina ni sisi. Basi Jumapili ijayo tumtaje na mvuvi, kisha baada ya amina tupitishe kapu, wenzake wanunuliwe majaketi okozi. Staa hatanuna. Hana hata habari kwamba tulimwombea.