Kompyuta Haijui Mgao

Ukiwa na kompyuta ya kupozwa kwa maji hapa Musoma, hongera: umepata mwanafamilia asiyejua mgao wa maji. Ndani ya boksi lenye taa za rangi, pampu ndogo kuliko ngumi inasukuma maji kwenye mirija. Yanabeba joto la prosesa, yanapoa kwenye rejeta, yanarudi. Waya mwembamba hutuma ishara mbili kwa kila mzunguko, na skrini inaandika, tuseme, mizunguko 2,600 kwa dakika. Ikishuka chini ya kiwango ulichoweka, kengele inalia. Pampu ikisimama kabisa, kompyuta inapunguza kasi, na joto likizidi inajizima kabla haijaungua. Hakuna kikao, hakuna kamati, hakuna mgeni rasmi.

Sasa toka uani. Ziwa Victoria, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, liko hapo chini, unaliona ukipanda juu ya mawe. Bomba linakoroma, linatema upepo. Bunda, mtu anabishana bei ya dumu na kijana wa mkokoteni. Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922, mama mwenye ndoo hana skrini ya kumwambia pampu ya ziwani imelala. Anasoma urefu wa foleni, anaelewa.

Ushauri wangu kwa wakubwa wa maji ni wa bure: pampu ya ziwani ifungwe waya uleule, na kengele iwekwe chumbani kwa mkubwa, karibu na mto. Mafundi watapatikana usiku huohuo.