Muulize Shangazi Gego

Wiki hii mfuko wa barua umejaa meno ya watoto. Nimeona nijibu yote kwa mkupuo, maana kuna nyumba mbili tatu humu ambazo watu wake hawasemeshani tena.

*Shikamoo Shangazi. Binti yangu ana miaka miwili na nusu. Nikitaka kumswakisha anapiga mayowe mpaka jirani anagonga ukuta. Baba yake anasema nimwache, hayo ni meno ya utoto, yatang'oka tu. — Mama Mchovu, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Ni kweli yatang'oka, ila muulize baba mtoto kama anajua lini. Ya mbele huanza kutoka mtoto akiwa na miaka 6 hivi. Magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10, mengine 12. Miaka yote hiyo mtoto atafunie nini, maneno ya baba yake? Tena gego likiwahi kung'olewa, meno ya jirani yanasogea, na jino la ukubwani likija linakuta kiwanja kimeshavamiwa. Hapo ndipo meno yanapopandana.

Mayowe yasikutishe. Mtoto anayelia amefungua mdomo, na wewe ulikuwa unautafuta uwe wazi. Mlaze kichwa mapajani pako, mswaki laini, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Dawa ya meno iwe yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele. Akifika miaka 3, punje ya njegere. Ule mstari mrefu wa dawa wa kwenye matangazo ya televisheni umewekwa pale ili dawa iishe upesi mkanunue nyingine. Na usimwachie kazi hiyo peke yake mpaka afike miaka 7 au 8, kwa sababu kabla ya hapo anausugua mdomo na meno anayaacha. Zamu ya usiku mpe baba mwenye hoja.

*Mimi ni bibi mwenye mjukuu wa mwaka mmoja na nusu. Mke wa mwanangu ananisema eti nimemwozesha mtoto meno. Sijampa pipi hata moja! Akiamka usiku namtilia uji mtamu kidogo kwenye chupa, anarudi kulala nayo. Mimi naona meno mabovu yametoka ukoo wa mama yake. — Bibi Niliyeonewa, Tanga*

Shikamoo, mama. Ukoo wa mama yake haujawahi kuamka saa nane za usiku kukoroga uji.

Pipi afadhali, huisha. Chupa ya uji hukaa kinywani hadi alfajiri. Vijidudu vya mdomoni vinakula sukari hiyo na kutoa tindikali inayolila jino, na usiku mate yamepungua, hakuna cha kuiosha. Meno ya chini yanakingwa na ulimi, ndiyo maana huanza kuoza yale manne ya juu, mbele kabisa, yanayoonekana kwenye picha za Idi. Chai ya maziwa hufanya hivyohivyo, na juisi ya boksi, hata kama boksi limechorwa embe. Akiamka na kiu mpe maji. Usiku wa kwanza na wa pili atakuchukia.

Kesho asubuhi, kwenye mwanga, inua mdomo wake wa juu. Ukiona mstari mweupe uliofifia kama chaki karibu na fizi, kuoza kumeanza lakini bado kunasimamishika kwa mswaki na floraidi. Ukiona ukahawia au shimo, mpelekeni kwa daktari wa meno kabla hajaanza kulia. Ipo dawa ya maji ya kupaka, yenye fedha na floraidi, inayozuia uozo usiendelee bila mashine wala ganzi; mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya dawa muhimu. Huliacha shimo jeusi tii. Weusi huo nao usimsingizie mkweo.

*Mwanangu ametanguliza meno ya juu. Mashangazi zake wanasema ni kigego na atatuletea mkosi. — Mwenye Hofu, Bagamoyo*

Zamani wapo watoto waliotupwa, hata kuuawa, kwa kosa hilo la kuota meno. Kwa kawaida ya chini hutangulia, kwenye miezi 6 hivi, lakini wengine huanza juu na hawana lolote. Mkosi ninaouona mimi ni wingi wa mashangazi, na nasema hivyo nikiwa shangazi.

*Mtoto wangu ana miezi mitano. Anaharisha, ana homa, mate yanamtiririka. Jirani amemfunua mdomo akaona vivimbe vyeupe, anasema ni meno ya plastiki na yasipotolewa atakufa. Anamjua mzee anayeyatoa. — Mama Kijana, Dodoma*

Hapa utani nauweka pembeni. Hakuna meno ya plastiki, wala ya nailoni. Vile vivimbe ni mahali ambapo chonge za mtoto zinajitengeneza chini ya fizi. Zikichimbuliwa zinatoka laini na nyeupe kwa sababu hazijakomaa, na mzee anakuonyesha kiganjani kama ushahidi. Anachimba kwa spoku ya baiskeli, wembe au msumari. Watoto wamekufa kwa damu kumwagika, kwa pepopunda, kwa vidonda kuingia usaha. Waliopona wengine chonge zao za ukubwani zimeota zikiwa zimepinda, au hazikuota kabisa.

Najua jirani atakwambia wa kwake alipona. Kuharisha kwingi huisha kwenyewe baada ya siku chache, na sifa anazipata aliyekuwa na spoku mkononi. Tangu miaka ya 1980 uvumi huu unatembea Tanzania kwa mtindo huohuo.

Leo hii, si kesho, mpeleke zahanati apimwe malaria, apewe ORS na zinki. Endelea kumnyonyesha. Macho yakididimia au akishindwa kunyonya, pitiliza hospitali. Jirani mshukuru kwa kukujali, halafu funga mlango.

*Shangazi, jino la kwanza la mwanangu limetoka. Bibi yake anataka lirushwe juu ya paa. Sisi tunakaa ghorofa ya nne, Kariakoo. — Baba wa Mjini*

Kabla ya paa, mfunue mdomo, tazama nyuma kabisa. Kwenye miaka 6 huota gego la ukubwani bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hudhani ni la utoto, wakaliacha lioze. Mswaki ufike huko.

Dirishani usirushe, chini kuna watu wanauza viatu. Funguo za juu anazo mlinzi wa jengo. Mnunulieni soda, na mtoto asionjeshwe.