Mwalimu Anayeamkia Wanafunzi

Mzee anaweza kujifunza jambo lolote duniani, mradi asitokee mtu wa kumwambia kwamba halijui. Hapo ndipo madarasa ya wazee yanapokwama. Si macho, si magoti, si kusahau. Macho yana miwani, magoti yana kiti. Kusahau nako kuna faida yake, maana somo la juzi likirudiwa leo huwa jipya kabisa na kila mtu hulifurahia upya. Kinachotuangusha ni heshima.

Mtaani kwetu, huku Temeke, tuna darasa la wastaafu na wazee wengine wenye nafasi. Tunakutana alasiri. Siku moja tunafundishwa simu janja, siku nyingine tunafanya mazoezi ya viungo, na katikati kuna bao, kahawa, kashata na daftari la michango ya misiba. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, kwa hiyo nilijiandikisha nikitarajia kwamba muda si mrefu wataniomba nifundishe. Wakanionyesha kiti cha nyuma.

Mwalimu wa simu ni kijana aliyemaliza chuo hivi karibuni, mtoto wa jirani, ambaye sote tuliwahi kumtuma dukani. Siku ya kwanza aliingia, akafanya kama alivyolelewa: akatuamkia. Shikamoo ya jumla haikukubalika. Karani mstaafu wa mahakama, Mzaramo wa Kisarawe, aliona kwamba shikamoo moja ikigawanywa kwa ukumbi mzima, mgao wa kila mtu unakuwa mdogo mno. Basi kijana akapita kiti hadi kiti. Kila marahaba ilifuatana na kuulizwa hali ya mama yake, kisha presha ya mama yake, kisha dawa ya mizizi ambayo mama yake angekuwa ameshapona nayo kama angekuwa anasikiliza watu. Alipofika kiti cha mwisho, adhana ya alasiri ilikuwa inasomwa, wenye kuswali wakanyanyuka, na somo likaishia hapo. Njiani tulikubaliana kwamba kijana anafundisha vizuri sana.

Shida ilianza alipopata nafasi ya kufundisha. Kijana hakuwa na ubavu wa kutuambia tumekosea. Atamwambiaje mtu mzima, tena aliyemfukuza kwenye mwembe wake akiwa na miaka saba? Ukibonyeza pasipo penyewe alisema, "Sawasawa kabisa, mzee wangu, ila hebu tujaribu tena kidogo." Nesi mstaafu, Mnyamwezi kutoka Tabora, alifuta namba za watoto wake wote kwa kuambiwa sawasawa. Mzee mwingine alijipiga picha mwezi mzima, na picha zote zilitoka dari. Naye aliambiwa sawasawa. Tulikuwa darasa la wazee hodari kupita yote nchini, ila hakuna aliyeweza kupiga simu.

Kisha ikaja siku ya neno la siri. Kijana alieleza kwa uangalifu kwamba hilo ni neno la mtu peke yake, hata mke asilijue. Akaandika ubaoni mfano: Embe2024. Sasa, sisi tulisoma enzi ambazo kilichoandikwa ubaoni kilinakiliwa, tena kwa mwandiko mzuri, na aliyebuni lake alichapwa. Tukanakili. Ukumbi mzima ukatoka na siri moja.

Hilo lilikuja kujulikana wakati mzee mmoja alipochukua simu ya mwenzake kwa bahati mbaya, kwa sababu zote mbili zilikuwa nyeusi. Akaifungua bila taabu, akakuta ujumbe wa mwanamke anayedai hela ya mchele, kilo tano, na kusisitiza kwamba safari hii hataki maneno. Akarudi nyumbani kumwuliza mkewe tangu lini anamdai mume mchele kwa maandishi. Mkewe, ambaye hakuwa ameandika chochote, akataka kujua ni mwanamke gani huyo anayekula mchele wa nyumba yake. Ilibidi wazee wa nyumba mbili wakae kikao. Mchele ukapatikana, mwenye simu akapatikana, na kijana akaitwa kueleza. Akasema wote tulikuwa sawasawa, ila labda tubadilishe kidogo.

Karani hakubadilisha. Alisema neno likishaingia kwenye kumbukumbu halifutwi bila kibali. Huyu ndiye mtu pekee ninayemjua anayetuma ujumbe wa WhatsApp wenye kumbukumbu namba. Siku moja akiwa njiani kuja darasani alitaka kutuarifu kwamba atachelewa. Akaanza: "YAH: KUCHELEWA KUFIKA DARASANI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Napenda kukujulisha kwamba nipo katika kituo cha daladala." Akaendelea hadi aya ya tatu, akamaliza kwa "Wako katika ujenzi wa taifa", akaweka jina kamili na cheo alichostaafu nacho. Alipofika mahali pa kutuma, alikuwa ameshafika darasani. Akatusomea kwa sauti.

Ugonjwa huu wa heshima naufahamu, kwani niliwahi kuwa upande wa pili wa ubao. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kisha Mafia, kisiwani kwetu, ikatajwa miongoni mwa wilaya sita zilizotakiwa kufuta kutojua kusoma na kuandika kufikia mwisho wa 1971. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, ndevu hazijaota. Nikapewa boksi la chaki na kundi la ngumbaru: wavuvi, wakwezi, na akina mama waliokuja na ukili wao ili mikono isikae bure. Mafia ni kisiwa cha minazi, basi darasa likawekwa chini ya mnazi. Asiyejua minazi hawezi kuelewa kosa hilo. Wanafunzi wangu walitazama juu zaidi kuliko ubaoni, na kila upepo ulipovuma nusu ya darasa ilihama.

Kumsahihisha mtu wa rika la babu yangu ilikuwa kazi. Nilimwambia mvuvi mmoja, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba "b" yake imeangalia nyuma. Akaitazama kwa makini, akanijibu kwamba ndiyo, imegeuza tanga, upepo umebadilika. Nikaiacha. Mwingine alikataa kusoma herufi ndogo, kwa hoja kwamba mtu mzima husoma herufi kubwa. Hata hivyo kazi ilifanyika nchi nzima. Sensa ya 1967 ilikuta zaidi ya theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema wamebaki chini ya asilimia 10. Ukinikuta na tabasamu nikikumbuka hesabu hiyo, jua kwamba ndani yake kuna "b" kadhaa zilizoangalia nyuma.

Kampeni iliyonistaajabisha ni ile ya 1973, Mtu ni Afya. Takriban watu milioni mbili walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Mzee ambaye mimi sikuthubutu kumwambia kuhusu "b" aliambiwa na redio kwamba choo chake hakifai, akachukua jembe. Kwa nini? Nimefikiri miaka mingi, na jibu ninaloliamini ni hili: redio haimwamkii mtu. Haina mama mtaani ambaye kesho ataulizwa malezi gani haya.

Ndiyo maana ninamvulia kofia marehemu Kimani Maruge wa Kenya, aliyejiunga na darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali ya huko kufuta ada za shule za msingi. Mwaka uliofuata alifika New York, kwenye Umoja wa Mataifa, kuzungumzia elimu. Watu husifu umri wake. Mimi nasifu kaptura yake. Mzee yule alivaa sare kamili, kaptura na soksi ndefu, akakaa na watoto wa miaka sita. Ukishavaa kaptura, heshima yote umeiacha getini, na mwalimu akikuambia umekosea hakuna palipobaki pa kuumia.

Sisi kaptura tulizivaa, lakini kwenye jogingi tu. Dar es Salaam mwishoni mwa wiki imejaa vikundi vya jogingi: fulana za rangi moja, filimbi, nyimbo, vijana wamefunga nusu ya barabara. Na sisi tukaanzisha chetu. Kilichotushinda si kukimbia. Tulikimbia vizuri mpaka tulipokutana na watu. Mtaa mzima unatufahamu, na alfajiri ndipo watoto wanapokwenda kununua chapati. "Shikamoo babu!" Marahaba. "Shikamooni!" Marahaba. Neno marahaba lina silabi nne, na mapafu ya miaka sabini yakipanda kimlima yana silabi mbili. Kutoitikia haiwezekani, watasema mzee fulani siku hizi anajisikia. Basi tukawa tunasimama kila kona kuitikia, na ukishasimama unaulizia nyumbani, na ukishaulizia unakaribishwa chai. Karani alitoweka kwenye mbio za kwanza, tukamkuta mwisho wa njia ameketi, mkavu, akinywa supu. Dereva wa bajaji alipokuja kudai nauli yake mbele yetu, karani alimwomba aandike barua.

Tungeendelea hivyo mpaka leo kama si utani. Siku hiyo kijana alikuwa anafundisha kutuma picha, na karani alikuwa anajisifu kwamba ametuma yake bila msaada. Alikuwa ameituma kweli, kwa mtu aliyemuuzia kiwanja mwaka jana. Kijana akafungua mdomo kusema sawasawa. Nesi akamwahi.

"Mzaramo wewe! Babu zetu walipita kwenu na misafara kutoka Tabora wakawakuta mmelala chini ya mnazi. Naona mpaka leo hamjaamka!"

Ukumbi ukanyamaza, halafu karani, mtu ambaye sijawahi kumwona akicheka bila kibali, akacheka. Akamjibu kwamba yeye hawezi kushindana na watu waliotembea kwa miguu kutoka Tabora kuja kuona maji ya chumvi, wakayaonja, wakarudi. Wakarushiana hivyo mpaka chai ikapoa. Katikati ya zile kebehi, nesi alimwonyesha mahali pa kubonyeza, karani akabonyeza, na picha ikaenda kwa aliyekusudiwa. Lilikuwa kosa la kwanza kutajwa kwa jina lake tangu darasa lianze, na hakuna aliyekufa.

Kisha nesi akamgeukia kijana. "Na wewe tatizo lako unatuona wazazi wako. Mtoto hawezi kumkosoa mama. Kuanzia leo wewe ni mjukuu wangu, na mjukuu ni mume wangu. Sasa nitazame, mume wangu, uniambie hapa nimefanya nini."

Kijana akaitazama simu. Akatutazama sisi. Akameza mate.

"Umekosea, mke wangu," akasema. "Tena umekosea vibaya."

Shangwe zilizopigwa pale ziliwaleta majirani mlangoni. Tangu hapo mambo yamebadilika. Kijana ana wake wanane na waume wenza wa kutosha, na anatusema kama tunavyostahili. Mimi niliambiwa kwamba nabonyeza kioo kama ninaandika kwa chaki, ndiyo maana kimepasuka, na kwamba niache kusahihisha kwa herufi nyekundu ujumbe wa watu kwenye kundi la msiba. Namba za watoto wa nesi zimerudi. Sasa ni wao wanaolalamika kwamba anapiga mno. Karani amekubali kufuta Embe2024, ingawa aliomba ifanyike kwa kumbukumbu za maandishi. Shikamoo tunaitoa mara moja, kwa pamoja, wote tukisimama na kumwamkia mwalimu, naye anaitikia kwa haya lakini anaitikia. Kwenye jogingi tumeweka kijana mmoja mbele wa kututolea marahaba kwa niaba.

Nasikia yapo mawazo ya kuanzisha madarasa kama letu mitaa mingine. Yanahitajika, kwa kuwa Sensa ya 2022 ilitukuta Watanzania takriban milioni 3.5 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na wote hatuwezi kucheza bao. Wapangaji wataandika kompyuta, meza, viti, pazia na chai. Vyote vizuri. Naomba waongeze mstari mmoja tu: watani wawili, wa makabila yanayoelewana kwa kutukanana, wakae mstari wa mbele. Na bajeti isipotosha, waanze kupunguza kompyuta.