Mfumo Uko Chini, Hadhi Iko Juu

Wafanyabiashara wa Garissa waache kunung'unika; tumestaarabika. Madalali wetu wa mifugo walizoea kushikana mikono na mnunuzi chini ya kitambaa, wakabonyezana vidole, bei ikapatikana, na mshindani aliyesimama kando asiambulie hata tetesi. Ushamba mtupu! Siri haina nywila, hakuna semina Nairobi, tena vidole havizimiki kamwe. Biashara gani hiyo isiyo na cha kungojea?

Siku hizi tuna kompyuta. Ng'ombe yuko uani, mteja kashika pesa, lakini skrini ikikataa kumtambua ng'ombe, basi ng'ombe hayupo, hata akilia. "Mfumo uko chini," karani anatangaza, kisha anafungua daftari na kuandika, ili ajaze upya mtandao ukirudi. Kazi moja, ajira mbili!

Umeme nao usisingiziwe. Tangu 2019 tuna mtambo wa jua wa megawati 50. Jua letu huenda kwanza kwenye gridi ya taifa. Likipata nafasi, litatukumbuka.

Na anayeuliza takwimu zote hizo anazojaza karani zimemsaidia meneja wake kuamua nini, hana adabu. Ripoti hutumwa makao makuu, haisomwi ovyo.