Sifa za Daftari Mdaku

Wapo wanaowasifu simba na wafalme. Mimi namsifu mdaku. Simsemi jirani yangu wa hapa Ndhiwa, ingawa naye anastahili. Nasema lile daftari linalotengenezwa kwa JavaScript, lugha ya programu za kurasa za wavuti: kila ufunguo una thamani yake, na thamani ikigeuka kidogo tu, lenyewe linawapigia mbiu wote waliojiandikisha kusikia.

Daftari la madeni la dukani nalo ni funguo na thamani: "Baba wa boda, 340." Tofauti ni kwamba lina heshima, halisemi. Ulipe mia mbili asubuhi, mwenye duka asahau kukata kwa biro, jioni mtoto wake atakudai zote mbele ya watu.

Langu halina adabu hiyo. Nilimtengenezea mjomba ukurasa wa kuhesabu miwa: ufunguo ni nambari ya shamba, thamani ni tani zilizosomwa kwenye mizani. Nikaandika 12 badala ya 21. Jumla ikashuka palepale, malipo nayo, na mjomba akaguna kabla sijatoa kidole kwenye kibodi: "Wewe kijana, tani zangu tisa umezila?" Mpelelezi gani hufanya kazi hiyo bila mshahara?

Wakubwa walijaribu kuufanya udaku huu sheria ya lugha. Njia yao, Object.observe, iliingia kwenye kivinjari cha Chrome mwaka 2014. Novemba 2015 waliolipendekeza jambo hilo wakaliondoa wenyewe. Ikabaki Proxy, askari wa mlangoni, ambayo Vue 3, toleo la tatu la maktaba ya kutengenezea kurasa, iliikumbatia mwaka 2020. Vue 2, maskini, haikuuona ufunguo ulioongezwa baadaye: mgeni aliingia bila hodi na nyumba nzima imelala.

Wanaolilaumu daftari hili husema halijui kunyamaza. Wivu tu! Lakini nikiri, siku moja niliweka madaftari mawili yasikilizane: tani zikibadilika, shilingi zifuate, shilingi zikibadilika, tani zifuate. Kwa sababu ya kukadiria senti hayakupatana kamwe. Kila moja likamsahihisha mwenzake, naye akajibu, ukurasa ukaganda, feni ya laptop ikavuma kama posho mill.

Mjomba alivuta kiti, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Wakimaliza kubishana," akasema, "waulize miwa yangu inalipwa lini."