Mtihani wa Mpwa, Adhabu ya Mjomba

Mechi ya Simba na Yanga nimeitazama bila sauti. Runinga ni nzima na masikio yangu hayajambo. Ila mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, ana UE ya linia aljebra, na tangu ratiba ya mitihani ibandikwe, mamlaka ya sebule yangu yamehamia kwake. Goli likaingia, majirani wakapiga mayowe, mimi nikainua mikono juu kimyakimya kama mtu anayeombewa.

Ningekuwa na la kusema, lakini dada yangu ameshanifunga mdomo kutoka Songea. "Kaka, mwache mtoto asome. Usimtume dukani." Mtoto ana ndevu, lakini sawa, hajatumwa dukani. Anayekwenda dukani ni mimi, tena usiku, kununua umeme, kwa kuwa taa ya sebuleni siku hizi haizimwi. Wenyewe wanaita kupiga msuli. Msuli wao, uniti zangu.

Afadhali angekuwa anapiga msuli peke yake. Kuna kitu kinaitwa diskasheni. Wenzake wanaingia jioni na madesa yao kwapani, wananiamkia vizuri kabisa, "Shikamoo mzee," halafu wanakaa kwenye makochi na hawaondoki. Mimi nimelelewa kwamba mgeni akikuta chakula hukaribishwa, na jambo hilo wamelielewa haraka kuliko wanavyoelewa hiyo linia. Mke wangu ameishusha sufuria ya shughuli kutoka juu ya kabati. Kwa kuwa hawana ubao, wanaandika kwa chaki kwenye mlango wa jikoni, na juzi alipochukua kitambaa kuufuta, wote walisimama: "Mama, usifute! Hiyo matriksi bado hatujaimaliza!"

Nilipouliza matriksi ni nini, nilijitakia. Mpwa wangu amesikia kwamba ukitaka kujua kama umeelewa jambo, umfundishe asiyelijua kabisa. Akatazama huku na huku, macho yakatua kwangu.

"Mjomba, umeenda kwa mama ntilie. Chapati mbili na chai moja, shilingi 1,500. Kesho yake chapati tatu na chai mbili, 2,500. Chapati moja ni bei gani?"

"Si nimuulize mama ntilie?"

"Hayupo."

"Sasa hiyo chai kanipa nani?"

Hakujibu. Akaandika zile namba mistari miwili, akazifungia ndani ya mabano makubwa, kisha akaanza kuzidisha mstari huu na kuutoa kwenye mstari ule mpaka kwenye kona ikabaki sifuri. Chapati 500, chai 500. Nikakiri kwamba ni kazi safi. Wanaiita mbinu ya Gauss, Mjerumani aliyefariki mwaka 1855, ingawa Wachina walishaiandika kwenye kitabu chao cha Sura Tisa karibu miaka 2,000 iliyopita, wakihesabu kwa kupanga vijiti. Jina amebeba aliyechelewa. Hata ofisini kwetu ilikuwa hivyo.

Ugomvi ulianzia kwenye mfano wa pili. "Sasa Mjomba, chapati mbili na chai moja ni 1,500, halafu chapati nne na chai mbili ni 3,200."

"Umeibiwa mia mbili."

"Hapana. Mfumo hauna suluhisho."

Mimi nimekuwa karani wa hesabu mpaka nikastaafu. Kwetu hesabu zisipokubaliana kuna mtu anaandika barua ya kujieleza, na wakati mwingine anaiandika akiwa amesimamishwa kazi. Hawa wanaandika "hakuna suluhisho", wanapiga mstari chini, wanapewa alama zote. Kumbe nilikosea fani!

Halafu kuna ditaminanti. Ya mbili kwa mbili haina neno: zidisha mshazari huu, toa mshazari ule. Ukiifungua ya tatu kwa tatu inatoa vipande 6, ya nne kwa nne 24, ya tano kwa tano 120, kila kipande na alama yake ya kujumlisha au kutoa. Wanasema Gauss anasaidia kukwepa mzigo huo, na kweli anasaidia, mpaka alama moja ya kutoa ipotee mstari wa pili. Hapo ndipo ninaposikia kiti kinasukumwa, karatasi zinachanwa, na mtu anatoka kwenda kupunga upepo barazani saa nane za usiku. Simu aliyo nayo mfukoni ingeimaliza hesabu hiyo kabla hajapepesa jicho, lakini simu haiingii kwenye chumba cha mtihani. Kinachoingia ni kijana mwenye usingizi na kalamu mbili za bluu.

Niliuliza na faida yake. Wakanijibu kwa pamoja, nadhani walifundishwa, kwamba Google yenyewe mwaka 1998 ilianza kwa kupanga kurasa za mtandao kwa kutumia vekta ya aigeni ya matriksi moja kubwa mno. Nikawaambia basi waiulize hiyo Google nani amemaliza sukari.

Madesa yao nimeyapitia. Kila penye ugumu mhadhiri ameandika kwamba jambo hilo ni dhahiri, na thibitisho linaachiwa msomaji. Msomaji aliyeachiwa ndiye huyu anayekula wali wangu. Kwa hiyo usiku wanamfungulia Gilbert Strang, mzee wa Marekani aliyefundisha MIT miaka sitini hivi mpaka alipostaafu mwaka 2023, na mihadhara yake imewekwa mtandaoni bure. Bure ni mihadhara. Bando ni langu. Lakini mzee yule namheshimu. Anaandika kwa chaki, hana haraka, akiuliza swali anasubiri. Hata mimi nilimfuata vizuri tu mpaka pale alipofika kwenye zile nafasi nne, nikapitiwa na usingizi kwenye ya tatu.

Kulala kwenyewe ni kwa mtindo huo, kochini, maana chumba cha watoto nacho kimejaa wanaume waliochelewa daladala ya mwisho. Nikikosa usingizi nachukua kitabu chao na kusoma vipande vya historia peke yake, kwa sababu humo angalau mna watu. Charles Dodgson, yule aliyejiita Lewis Carroll akaandika kisa cha Alisi na sungura mwenye saa, mwaka 1867 alitoa kitabu kizima cha ditaminanti. Sungura nilimwelewa upya. Jørgen Gram, Mdenmaki wa mambo ya bima, mwenye nusu ya mbinu ya Gram–Schmidt, alifariki mwaka 1916 baada ya kugongwa na baiskeli. Baiskeli! Tabata hii yenye bodaboda asingevuka hata mara moja.

Aliyenifurahisha zaidi ni Arthur Cayley, Mwingereza aliyefanya uwakili miaka 14 huku akiandika hisabati. Mwaka 1858 alitangaza kwamba kila matriksi ya mraba hutii mlinganyo unaotokana nayo yenyewe, ule ule unaozaa namba za aigeni. Akaihakiki kwa mbili kwa mbili, akasema na ya tatu kwa tatu ameihakiki, kisha akasema haoni haja ya kujisumbua kuthibitisha zilizobaki. Thibitisho la jumla lilisubiri mpaka mwaka 1878, alipolitoa Mjerumani aitwaye Frobenius. Nikawasomea kwa sauti. Ulikuwa mchango wangu wa kwanza kwenye diskasheni, na wakaupokea kwa heshima kubwa. "Kumbe inawezekana, mzee?" mmoja akauliza, akaandika kitu pembeni ya daftari.

Katika kundi lile yumo mtabiri. Kila diskasheni huwa na wake. Huyu amekusanya pasti pepa za miaka mingi, zimetolewa kopi steshenari kwa hela ambayo mpwa wangu aliniomba "ya nauli", akachora jedwali la maswali na miaka, kisha akatangaza: Gram–Schmidt haikutoka mwaka jana wala mwaka juzi, mwaka huu ni lazima. Kosiweki yao ni alama 40 na UE ni 60, na kati ya hizo 60, alisema, 20 ziko hapo zinawasubiri.

Basi nyumba nzima ikaingia Gram–Schmidt. Unapewa vekta zilizolalia upande upande, unatakiwa uzinyooshe ziwe zimesimama kwa pembe mraba kila moja kwa mwenzake. Ya kwanza unaiacha ilivyo. Ya pili unaitoa kivuli chake kilichoangukia ya kwanza. Ya tatu unaitoa vivuli viwili. Mwisho kila moja unaigawanya kwa urefu wake. Mke wangu anakata vitunguu huku akisikia "toa kivuli, gawanya kwa urefu," mpaka siku moja nikamsikia anawaambia, "Huyo wa tatu mmemsahau kivuli kimoja." Alikuwa sahihi. Na mimi nilifanya zoezi moja peke yangu nyuma ya risiti ya umeme, vekta tatu, vipeuo vya pili vimejaa tele, nikapata jibu la kitabuni. Hakuna aliyenipongeza.

Siku ya mtihani tuliamka wote gizani. Mke wangu akapika uji, dada akaomba dua kwa simu, spika ikiwa wazi, mimi nikatoa hela ya bajaji ili asiende kubanwa kwenye daladala namba zikamtoka. Mchana wote sikutulia. Aliporudi nilikuwa nimeshafika getini.

"Gram–Schmidt imekuja namba ngapi?"

"Haijatoka, Mjomba."

"Haijatoka? Hata kwenye maswali ya kuchagua?"

"Hata ya kuchagua."

Nikamwomba namba ya simu ya mhadhiri. Akakataa kunipa. Nikamwomba ya yule mtabiri, akasema simu yake haipatikani tangu walipotoka ukumbini. Nikakaa chini. Vivuli vyote vile! Nikamuuliza sasa kumetoka nini.

"Cayley. Tuthibitishe kanuni yake. Alama 15."

"Ukaandika nini?"

"Nimefanya ya mbili kwa mbili vizuri kabisa, nikaandika kwamba kwa zilizobaki sioni haja." Akavua viatu, akajitupa kwenye kochi. "Si wewe uliyetusomea, Mjomba?"

Jioni dada akapiga kuuliza mtoto amefanyaje. Nikampelekea simu aeleze mwenyewe.