Mhadhara wa Bingwa wa Mawimbi kwa Wakazi wa Kibera na Kawangware

Waheshimiwa wazee wa mtaa, wenye ploti na wapangaji wenu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni mkijifanya mnapita tu: karibuni, na zimeni simu. Anayetaka kurekodi tutaelewana bei baada ya kikao.

Kwa wachache wasionifahamu, mimi ndiye Daktari Profesa Mhandisi Bingwa wa Mawimbi, mlezi wa ruta zote kuanzia Olympic hadi Laini Saba, na kwa upande wa pili kuanzia Gatina hadi Kabiro. Udaktari nilijitunuku mwenyewe baada ya kushauriana na nafsi yangu kwa kina. Uprofesa ulifuata wiki hiyohiyo, kwa kuwa kamati ya uteuzi, ambayo ni mimi, ilikuwa bado haijavunjwa.

Mada ya leo ni kuyumba kwa waifai katika laptopu mpya: chanzo chake, tiba yake na ada yake. Nitaanza na ada ili roho zenu zitulie. Kuitazama laptopu ni shilingi 200. Kuitazama huku nikiguna ni 350. Nikitikisa kichwa na kutamka neno "mazabodi", tayari tumefika 1,000, na hapo bisibisi bado iko mfukoni.

Nimewakusanya kwa sababu mtaa umevamiwa. Kuna maarifa ya bure yanazagaa, yanapita mlango hadi mlango, tena kwa lugha ambayo hata mtoto wa shule anaielewa. Taaluma gani itadumu namna hiyo?

Sikilizeni uzushi wenyewe. Mzushi anasema, waifai ikikatika kwenye laptopu, chukua simu, iunge na waifai ileile, iweke palepale mezani. Simu nayo ikisumbua, laptopu haina hatia; kamuulize mwenye ruta. Simu ikiendelea kuonyesha video bila kukwama, hapo ndipo uishuku laptopu. Halafu anaongeza: iunge laptopu na hotspoti ya simu yako kwa robo saa. Ikitulia, kadi yake ya waifai ni nzima, na ugomvi uko kati yake na ruta. Basi, kwisha. Mimi hufikia uamuzi huohuo kwa siku tatu, laptopu ikilala kwangu, na mteja akipiga simu kila jioni kuuliza hali ya mgonjwa. Sasa niambieni, kati ya njia hizo mbili, ipi ina heshima?

Mtaalamu wa kweli haanzi na simu. Anaanzia baharini. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ziliharibika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na nchi nyingine za huku kwetu. Kebo hizo zilishatengenezwa zamani. Kwangu bado zimekatika. Mzee mmoja wa Makina aliniletea laptopu iliyogoma kabisa, nikamkalisha, nikamweleza kina cha Bahari ya Hindi, meli za ukarabati na namna waya mwembamba wa kioo unavyounganishwa upya. Alinisikiliza kwa adabu zote. Mjukuu wake, ambaye hakuna aliyemuuliza, akabonyeza kitufe chenye picha ya ndege pale juu ya kibodi, na waifai ikarudi. Nikamfafanulia mzee kwamba mafundi wa meli walikuwa wamemaliza kazi dakika ileile. Akanilipa nusu.

Tuje kwenye mabati, somo ambalo ningeweza kulitolea mhadhara hadi adhana ya alfajiri.

Waifai ni redio, wapenzi wasikilizaji. Ile ya kawaida ya gigahezi 2.4 ina wimbi lenye urefu wa kama sentimita 12 na nusu, na chuma hakilipishi wimbi hilo, hulirudisha lilikotoka. Mwaka 1836, kule London, Michael Faraday alijenga chumba kizima, akakifunika kwa karatasi ya chuma, ili kuonyesha kwamba nguvu za umeme zilizo nje haziingii ndani. Ulimwengu ukampigia makofi. Sisi Kibera tumevijenga vyumba hivyo kwa maelfu, na tunavilipia kodi kila tarehe tano. Nenda Gatwekera: ukuta bati, paa bati, mlango bati. Msifikiri matundu ya misumari yanasaidia. Yanaingiza mvua, hayaingizi mawimbi. Wimbi linapita dirishani, kwenye mlango ulioachwa wazi, au kwenye ule mwanya kati ya ukuta na paa, kisha likishaingia linagonga huku na kule. Mawimbi yanayokutana humo ndani mahali pengine yanatiana nguvu, mahali pengine yanauana. Ndiyo maana katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi kitanda kina intaneti na meza haina.

Nilimshuhudia kijana wa Kianda kwa macho haya. Meza yake imeegemea bati, juu yake sufuria zimetundikwa kwenye misumari kwa kufuata ukubwa, kando kuna runinga, na laptopu imesukumwa nyuma kabisa ili isimwagikiwe chai. Vistari vya waifai vilikuwa kimoja, kikipotea na kurudi. Nilikuwa nimeshaguna, nakaribia kutikisa kichwa. Yeye akaivuta laptopu kiganja kimoja kuelekea mlangoni, akafunga pazia juu kwa fundo, vistari vikawa vitatu. Kiganja kimoja! Kama nusu ya urefu wa wimbi! Ada ya kiganja tutaiweka kiasi gani?

Kawangware ina maradhi yake tofauti, nayo ni ghorofa. Ploti nyingi huko hazipati intaneti kwa waya. Inarushwa hewani hadi kwenye kisahani kilichofungwa juu ya paa, na kisahani hicho sharti kiwe na njia wazi ya kuonana na mnara. Sasa jirani anaongeza orofa ya nne, kisha ya tano, mawe yanapanda kila siku, na asubuhi moja ploti nzima inaamka bila intaneti. Mpangaji aliyenunua laptopu juzi anaamini ni laptopu. Mimi simvunji moyo. Nambadilishia draiva. Draiva mpya haiwezi kupenya ukuta wa mawe ya Ndarugo, lakini inaingia kwenye risiti vizuri sana.

Na hata mnara ukionekana, kuna msongamano. Kwenye gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Ruta za majirani ziko ngapi? Hebu wakumbukeni makanga wa steji ya 46 saa kumi na mbili jioni, kila mmoja akiita abiria wa gari lake. Hakuna aliyenyamaza, na hakuna anayesikika. Mzushi atakwambia uhamie gigahezi 5, ambako chaneli ni nyingi na kelele ni chache. Hakwambii kwamba wimbi la 5 ni fupi na linachoka upesi ukutani. Ruta nyingi hutangaza zote mbili kwa jina moja, na laptopu mpya, kwa kiherehere chake, inarukia 5, inaishiwa nguvu, inarudi 2.4, inarukia tena. Wewe unaona "imeunganishwa", "imekatika", "imeunganishwa". Tiba ni kuzipa majina mawili tofauti kwenye ruta na kuchagua moja. Nimesema kwa sauti? Mwandishi wa kikao, futa hapo.

Sasa neno "mpya". Laptopu nyingi mnazoziita mpya zimenunuliwa Luthuli au Moi Avenue, na upya wake ni upya wa kibandiko. Zimekwisha kufanya kazi ofisini Uingereza au Marekani kwa miaka, zikafutwa vumbi, zikapanda meli. Hii si dharau, nami yangu ni ex-UK. Lakini iliyotengenezewa soko la Marekani huwa na kadi isiyoshughulika na chaneli ya 12 wala ya 13. Ruta yako ikijichagulia 13, simu yako itaiona, ya jirani itaiona, laptopu yako itaapa kwamba hakuna kitu. Stima inapotea usiku, inarudi, ruta inawaka na kuchagua chaneli nyingine, na asubuhi waifai imefufuka. Mteja anasema ni maombi. Mimi nasema ni utaalamu wangu wa mbali, na huo pia una ada.

Usiniulize kuhusu kile kisanduku kidogo chenye tiki. Kimejificha katika mipangilio ya kadi ya waifai, mahali panapohusu umeme, na kazi yake ni kuiruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa betri. Ukichomoa chaja, waifai inaanza kusinzia. Ukiiondoa tiki, inaacha. Kisanduku hicho kimesomesha wanangu.

Wala sitaki kusikia habari za tarehe. Laptopu iliyokaa dukani betri ikaisha huweza kuamka ikidhani ni miaka kadhaa iliyopita. Waifai inaungana vizuri, vistari vimejaa, lakini kila tovuti inakataa kwa onyo la usalama, kwa kuwa vyeti vya tovuti vina tarehe, na kwa hesabu ya laptopu vyeti hivyo havijaanza kutumika. Mteja anarekebisha saa, dunia inafunguka. Mteja wa namna hiyo ni hasara.

Hapa ninalazimika kumtaja adui yangu. Ni binti wa kidato cha tatu, anaishi Kawangware, na sitamtaja jina kwa sababu hastahili matangazo. Mama yake, muuza mboga, anamlipia vocha ya siku ya waifai ya mtaa. Kwenye simu vocha inadumu siku nzima. Kwenye laptopu mpya ilikuwa inaliwa: wanaunganisha, wanaingiza namba, na kabla siku haijaisha mtandao ukikatika na kurudi, unadai vocha nyingine. Mama akaniita. Nilianza, kama kawaida, na bahari. Binti akasema, "Shikamoo fundi." Fundi! "Hii vocha inaitambua mashine kwa anwani ya kadi yake. Laptopu imewashiwa kitu kinachobadilisha anwani hiyo ili mtu asifuatwe. Kila ikibadilika, mtandao unadhani ni mgeni." Akaingia kwenye mipangilio, akazima kubadilisha anwani kwa mtandao huo mmoja tu, nao ukatulia. Kisha, kana kwamba haitoshi, akaiwekea laptopu alama kwamba intaneti yake inahesabiwa, ili isiteremshe masasisho makubwa ya Windows kwa vocha ya mama. Mama akacheka, akanipa sukuma wiki ya kurudi nayo nyumbani. Niliikubali kwa niaba ya taaluma.

Mnaona basi ugonjwa ulivyoenea? Na unaungwa mkono na taasisi! Pale Kibera, Tunapanda Institute wamejenga mtandao wa jamii, TunapandaNET, unaounganisha shule na vituo vya vijana, na wanawafundisha vijana wenyewe kupanda juu ya paa, kuelekeza antena na kutafuta kosa. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ikatoa utaratibu wa leseni kwa mitandao ya aina hiyo. Kwa hiyo ujuzi huu sasa una baraka za dola, na mimi sikualikwa hata kwenye chai. Serikali iliyoingia 2022 nayo iliahidi vituo 25,000 vya waifai ya umma nchini. Niliandika barua nikijitolea kuvikagua vyote, kimoja kimoja, kwa miguna.

Sina kinyongo. Norman Abramson na wenzake walipounganisha visiwa vya Hawaii kwa redio mwaka 1971, wakafungua njia iliyotufikisha kwenye waifai, hawakuniomba ushauri pia, na nimewasamehe.

Maswali yatapokelewa kwa maandishi, yakiambatana na shilingi 200. Wewe mama wa kitenge cha bluu, ndiyo, flashi na diski za nje za aina ya kasi zikichomekwa karibu na kadi huvuruga gigahezi 2.4, ichomoe ile diski ya sinema kwanza, halafu usimwambie mtu nimekujibu bure. Mzee, hapana, kuipiga ruta kofi hakusaidii, ingawa kuizima na kuiwasha kunasaidia, jambo ambalo mimi hulifanya nikiwa nimewapa mgongo.

Wewe binti kule nyuma, teremsha mkono. Nimekuona. Najua unataka kuwaeleza watu kwa nini waifai ya ukumbi huu haijafika safu ya tatu tangu tuanze. Ruta iko nyuma ya friji ya soda, mahali salama, na niliiweka mwenyewe kwa shilingi 1,500. Kuitoa hapo ni kazi ya siku mbili.